Mvua Masikioni mwa Tesha

Niseme mapema kwamba koti lilipita kipimo. Watu wakisimulia habari za mgodi wa Naibor huanza na mwamba, au na joto, au na marehemu. Mimi huanza na kipimo, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea nikiwa na akili zangu timamu, kikombe cha chai mkononi.

Naibor iko Simanjiro, na siku hizi tumeshuka kilomita tatu. Vito vya juu walivimaliza babu zetu. Sisi tunafuata madini ya sumaku, na kule yaliko mwamba una nyuzi joto hamsini na sita. Binadamu hakai kule hivihivi. Anakaa ndani ya koti la baridi, la kumpoza mwili, lenye mipira ya maji iliyozungushwa mwilini, pampu ndogo kiunoni na betri mgongoni. Kati ya betri na pampu kuna kigeuzi, kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachoushusha umeme wa betri hadi kiwango ambacho pampu inataka. Kigeuzi hicho nimekichora mimi, Naelijwa Mrutu, mhandisi wa umeme, Mpare wa Usangi.

Makoti ya zamani yalidumu saa sita, na zamu ni saa sita. Mtu akichelewa kufika kwenye lifti, betri inazima naye yuko njiani. Mwaka uliotangulia tulizika wawili kwa namna hiyo, na mmoja wao nilikuwa nimekunywa naye uji asubuhi yake. Nikaapa koti langu litadumu saa nane, hata kama nitalala maabara.

Kigeuzi hakiupunguzi umeme kwa kuuzuia. Kinaufungua na kuufunga, mara laki nne kwa sekunde, na pampu inapata wastani. Hasara hutokea pale katikati, swichi ikiwa haijafunguka sawasawa wala haijafunga. Kwa hiyo ukiilazimisha ifunge upesi, hasara inapungua na betri inadumu. Lakini nani hajawahi kufunga bomba ghafla akasikia paipu nzima ikigonga ukutani? Umeme nao hugonga. Sikio halisikii, ila kila waya ulio karibu unapokea.

Na Naibor waya zipo. Kuna vinasa sauti sitini vimechimbiwa ndani ya mwamba, tunaviita masikio, na waya zake zinapanda hadi chumba kimoja juu, kwa mtu mmoja anayeitwa Tesha. Mwamba hauanguki bila kutoa taarifa. Unapasuka kidogokidogo kwanza, na Tesha kazi yake ni kusikia unapasuka wapi.

Wakaguzi walipokuja kupima kelele za koti langu waliangalia mstari mwekundu kwenye skrini. Kelele ikiwa na kilele kinachovuka mstari, umefeli. Langu lilivuka. Ningeweza kuipunguza kasi swichi, nikapoteza zaidi ya saa moja ya baridi. Ningeweza kuongeza vichujio, koti likawa zito kama gunia la saruji. Nikafanya la tatu. Nikaifanya swichi iyumbe, mara laki nne, mara laki nne na kitu, mara pungufu, ili kelele isirundikane mahali pamoja. Kilele kikayeyuka, kikalala chini ya mstari, wakaguzi wakagonga muhuri.

Sikuiondoa kelele. Niliitawanya, kama mtu anayefagia uwanja kwa kuzisambaza takataka mpaka zisionekane. Nililijua hilo. Kanuni zinaruhusu na hakuna aliyeniuliza, nami sikujisumbua kusema.

*

Tesha ni Mchaga wa Marangu, mimi Mpare, na kila mtu huku anajua maana yake. Sisi ni watani. Mtani anaweza kukuambia lolote mbele ya yeyote na huna ruhusa ya kununa. Tangu siku ya kwanza Tesha alinisimanga kwa ubahili wa Wapare, na mimi nilimwambia wamempa kazi ya kusikiliza kwa sababu Mchaga husikia noti ikianguka kwenye zulia.

Wiki ya pili ya makoti mapya alinikuta kantini.

"Mpare," akasema kwa sauti ya kusikika meza zote, "umeme umeubana mpaka unalia. Makoti yako yananinyeshea mvua masikioni."

"Fungua mwavuli," nikamjibu.

Kantini nzima ikacheka. Yeye pia alicheka, kidogo. Wiki iliyofuata akaja tena, akasema mvua inazidi na atanishtaki, tena kwetu Wapare kesi haiishi mpaka wajukuu. Nikamwambia Mchaga akikosa mteja hulalamikia hali ya hewa. Tukacheka tena. Mara ya tatu alinitumia ujumbe: "Mtani, mvua bado." Nikamrudishia kikatuni cha chura.

Mara tatu mtu alinionya, na mara tatu nilimjibu kwa mzaha. Nadhani angekuwa Mmakonde au Mhaya ningemuuliza mara ya kwanza tu ana maana gani. Lakini Tesha alikuwa mtani wangu, na maneno ya mtani huyapokea kwa kicheko kabla hujayasikiliza.

*

Alhamisi ile, saa tano asubuhi, nilikuwa na furaha. Zamu ilikuwa imeshakaa chini kwa muda wa saa tano na hakuna betri hata moja iliyolalamika. Nikaenda chumbani kwa Tesha kumchokoza. Nilichukua sarafu, nikaingia kimyakimya nyuma yake, nikaidondosha kwenye sakafu ya saruji ili nimwone Mchaga akiruka.

Hakugeuka. Sarafu ilizunguka, ikalala karibu na kiti chake, naye hakuisikia kabisa. Alikuwa ameinama, hedifoni masikioni, macho ameyafumba kama mtu anayeumwa jino.

Nikamgusa bega. Akashtuka, akanitazama, hakutania.

"Vaa hizi," akasema, akanipa hedifoni.

Nilisikia mvua. Mvua ya masika juu ya bati, ile inayomfanya mwalimu aache kufundisha. Haikuwa na mlio wala mdundo, ilikuwa shaa tu, kila upande.

"Hii ni nini?" nikauliza, na huku ninauliza nilikuwa nimeshajua.

"Nimekuuliza mimi mwezi mzima. Koti moja ni manyunyu. Leo wako thelathini na wanane chini. Chini ya mvua hii kuna kitu, Naelijwa. Nakisikia na sikisikii. Tangu saa nne nakisikia na sikisikii."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. 

"Ni koti," nikasema. "Kelele ilikuwa mahali pamoja, ungeweza kuichuja. Mimi niliitawanya ili ipite kipimo."

 Tesha akauliza, "Inazimika?"

Inazimika. Kwenye kompyuta yake mwenyewe ningeweza kuingia na kuyazima makoti yote kwa amri moja. Nikafungua orodha. Thelathini na wanane, kila mmoja na jina lake na kiasi cha betri. Na hapo nikaona jambo la pili, ambalo pia ni langu. Pampu iliyosimama huvuta umeme mwingi sana inapoanza, kwa hiyo nilikuwa nimeweka kizingiti. Betri iliyo chini ya theluthi inaendelea kuendesha koti bila shida, ila ikizimwa haikubali kuwasha tena mpaka ipande juu ibadilishwe. Waliokuwa kwenye uso wa jiwe, pale panapochimbwa, penye joto kuliko kote, walikuwa kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja walikuwa chini ya theluthi.

"Watoe tu," nikasema. "Waambie watoke sasa hivi."

"Watoke wapi? Njia ni mbili, Mashariki na Magharibi. Sijui mwamba unalia juu ya ipi. Niwapitishe chini yake?"

Nikayazima kwanza yale ishirini na saba yenye betri ya kutosha. Tesha akavaa hedifoni, akafumba macho. Nilihesabu sekunde kwenye saa ya ukutani, na huko chini watu ishirini na saba walikuwa wanaanza kuiva. Akatikisa kichwa.

"Imepungua. Bado inanyesha. Hao waliobaki wamesimama karibu kabisa na masikio yangu."

Nikayawasha ishirini na saba. Yaliwaka yote, nashukuru. Nilitaka mtu mwingine aingie mle chumbani, mtu mkubwa kuliko mimi, aniambie la kufanya. Kumi na mmoja nikiwanyang'anya baridi, wana kilomita moja na nusu ya kutembea ndani ya nyuzi hamsini na sita. Nikiwaachia, labda hakuna kitu, labda ni Tesha tu na wasiwasi wake. Joto lilikuwa na uhakika. Mwamba haukuwa na uhakika. Mimi ni mtu wa vipimo, na mtu wa vipimo hapendi kuchagua kisichopimika.

Simu ya kuongea na walio chini iko ukutani. Kiongozi wa zamu alikuwa Mbonea, mtoto wa baba yangu mdogo. Nilimbeba mgongoni akiwa mdogo, na kazi hii mimi ndiye niliyemwombea.

"Dada Naelijwa," akaitika. "Mbona makoti yamezima yakawaka?"

"Tesha anataka kimya kamili, dakika mbili. Nayazima yote. Kumi na moja ya hapo mbele huenda yakachelewa kuwaka."

"Kwa nini?"

Tesha alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema. Sentensi mbili zingetosha: hayatawaka kabisa, na ni mimi niliyeyatengeneza hivyo. Nilikuwa na nafasi, na pumzi, na simu ilikuwa safi kuliko siku zote.

"Hitilafu ndogo," nikasema. "Nitakueleza ukipanda."

"Ukisema wewe, dada, zima."

Nikazima.

Sijui kama mtu anaweza kueleza kimya kile. Nilikuwa nimebandika sikio upande mmoja wa hedifoni, Tesha upande mwingine, vichwa vyetu vimegusana. Mvua ilikatika mara moja. Nikasikia maji yakidondoka mahali, mtu akikohoa kilomita tatu chini yangu. Halafu nikasikia kitu kama bisi zinapoanza kupasuka kwenye sufuria, moja, kisha mbili, kisha kimya, kisha nyingi.

"Mashariki," Tesha akasema. "Juu ya njia ya Mashariki. Ile wanayotumia." Akainyakua simu. "Mbonea, toa watu. Magharibi. Acha vifaa, acha kila kitu, Magharibi."

Nikawasha. Ishirini na saba yaliwaka. Kumi na moja yalibaki mekundu kwenye skrini, mstari mmoja chini ya mwingine, na nilibonyeza tena na tena ingawa nilijua.

*

Njia ya Mashariki iliporomoka dakika kumi na tisa baadaye. Hakukuwa na mtu ndani yake.

Watu thelathini na saba walipanda na lifti. Wenye makoti mazima waliyavua na kuwavisha wenye makoti mabovu, kwa zamu, kila baada ya hatua mia mbili. Mbonea alimpa lake msichana mmoja wa Hanang aliyeanza kuweweseka, akalichukua bovu la yule msichana akalivaa. Wenzake walimwambia naye aingie kwenye zamu ya kubadilishana. Hakutaka. Alianguka mita arobaini kabla ya lifti.

Yule msichana ndiye aliyenieleza, akiwa kitandani zahanati, amenishika mkono kwa shukrani.

"Tulimsihi, mama. Akasema, hili litawaka sasa hivi, dada yangu amesema ni hitilafu ndogo. Alikuwa anakuamini sana."

Akatembea kilomita nzima amevaa koti lililokufa, anasubiri liwake.

Ripoti ya mgodi iliandika joto kali na mporomoko wa mwamba. Iliandika pia kwamba mhandisi na msikilizaji, kwa kufikiri haraka, waliokoa zamu. Wakaguzi waliuliza kigeuzi kilipita kipimo? Kilipita, muhuri huu hapa. Tesha alikuwa chumba kilekile tulipohojiwa. Aliulizwa alichosikia, akajibu alichosikia. Hakuulizwa zaidi, na macho yake hakuyaleta upande wangu. Kuanzia siku hiyo aliniita mhandisi. Kantini alinipisha kwenye foleni kama unavyompisha mgeni. Sikujua kwamba mtu anaweza kuumia hivyo kwa kukosa kusimangwa.

Usiku sikulala, na mchana niliogopa kila mlango uliofunguliwa. Makoti mia mbili yalikuwa bado stoo, na Jumatatu zamu nyingine ingeshuka nayo kupitia njia ya Magharibi, ambayo Tesha angeisikiliza kwa masikio yaliyojaa mvua.

*

Tulimzika Mbonea Usangi, Jumamosi, mchana wa ukungu na baridi ya milimani. Mama mdogo alinikalisha pembeni yake. Kila aliyekuja kumpa pole alimwonyesha mimi.

"Huyu ndiye aliyewatoa wale wengine," alikuwa akisema. "Mwanangu ameenda, lakini huyu amewatoa thelathini na saba."

Watu walinishika mikono miwili. Mchungaji alinitaja kwenye mahubiri. Mimi nilitazama udongo.

Tulipokuwa tunasubiri jeneza lishushwe, watani wakaanza, kama desturi ilivyo. Wachaga walikuwa wamekuja na basi zima. Mmoja alijilaza kando ya kaburi akasema hapa pamejaa, Wapare watafute kwingine. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Kisha akatokea Tesha, amevaa koti la baridi. Kwenye baridi ile, juu ya suti, koti limewashwa, anatetemeka kwa makusudi, meno yanagongana. Hata mama mdogo alitabasamu.

"Jamani, nisikilizeni," Tesha akasema. "Hawa Wapare ni wabahili mpaka kwenye umeme. Huyu mtani wangu alitengeneza koti lisilopoteza hata tone. Kelele yake ikawa kubwa, wakaguzi wakakataa. Unajua alifanyaje? Aliisaga kelele ikawa unga, akainyunyiza mgodi mzima. Wakaguzi wakatafuta mrundo, hawakuuona!"

Watu walicheka. Mjomba mmoja alipiga makofi.

"Nikamwambia, mtani, mvua inaninyeshea masikioni. Akasema fungua mwavuli."

Wakazidi kucheka.

"Makoti yakazima, marehemu akamuuliza, dada, vipi? Dada akasema, hitilafu ndogo." Hapo akatetemesha meno tena. "Mpare hata ukweli anaubana. Anakupa kijiko kimoja, kingine anaweka kabatini."

Kicheko kikavuma mpaka kwenye migomba. Tesha akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. Nikaelewa alichonifanyia. Alikuwa amesema yote, mbele ya ukoo mzima na mkuu wa mgodi aliyesimama nyuma na mwavuli wake, na alikuwa ameyasema mahali ambapo maneno hayamfungi mtu. Ya utani huishia kwenye utani. Nikicheka, yamekwisha. Ningecheka, watu wangecheka nami, jeneza lingeshuka, na Jumatatu makoti yangeshuka pia.

 Nilishika bega la mama mdogo, nikasimama.

"Hatanii," nikasema.

Walio karibu waliendelea kucheka, wakidhani ndilo jibu langu. Mama mdogo alikuwa wa kwanza kunyamaza. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, na safari hii nilimtazama mkuu wa mgodi.

"Tesha hatanii. Ni kweli yote. Yale makoti yasishuke Jumatatu."

Ukimya ulienea kutoka mbele kwenda nyuma, safu baada ya safu, mpaka nikasikia pampu ya koti la Tesha ikizunguka. Akapeleka mkono kiunoni akaizima.

Mama mdogo alikuwa bado ameshika upindo wa kanga yangu. Hakuuachia.

"Eleza," akasema. "Polepole, nielewe. Anza mwanzo."

Nikaanza na kipimo.